Umeme Ukikatika Biashara Isisimame: Mwongozo Kamili wa Kujiandaa Katika Hali ya Hewa Inayobadilika

Oktoba 2012, kimbunga Sandy kilipoipiga New York, hospitali ya Bellevue ilikuwa na jenereta za dharura kwenye ghorofa ya 13, juu kabisa ya kimo ambacho maji yangeweza kufika. Lakini pampu za kupandisha mafuta hadi kwenye jenereta hizo zilikuwa chini ya ardhi. Maji yakaingia, pampu zikafa, na wafanyakazi wakapanga mstari kwenye ngazi wakipokezana dizeli mkono kwa mkono, ghorofa baada ya ghorofa. Mwishowe wagonjwa wote walilazimika kuhamishwa.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu ndicho ninachokiona kila biashara inapoanza kujiandaa: watu wananunua mashine kwanza, halafu ndipo wanaanza kujiuliza mashine hiyo inategemea nini. Mwongozo huu unakwenda kinyume chake. Tunaanza na kazi ambayo biashara yako haiwezi kuiacha hata kwa saa moja, tunaifuata njia yote ya nishati inayoiendesha, na kununua kunakuja katikati ya safari.

Mabadiliko ya tabianchi yanazidisha haja hiyo kwa njia kadhaa. Siku za joto kali viyoyozi na majokofu ya mji mzima hufanya kazi kwa pamoja, wakati uleule nyaya za umeme zikipata joto, zikilegea na kupunguza uwezo wa kubeba mzigo. Ukame hushusha maji ya mabwawa: Zambia, nchi inayotegemea zaidi nguvu za maji, ilitangaza ukame kuwa janga la kitaifa Februari 2024, na mwaka huo biashara nyingi zilifanya kazi kwa saa chache tu za umeme kwa siku. Mafuriko huzamisha vituo vya kupozea umeme. Pepo huangusha nguzo. Huko California, Oktoba 2019, njia za umeme zilizimwa kwa makusudi siku za upepo mkavu ili zisiwashe moto wa msituni. Yaani umeme unaweza kukatika hata kama hakuna kilichoharibika.

Hatua ya 1: Fungua daftari la kukatika kwa umeme

Kabla ya kumwita fundi, andika. Tarehe, saa umeme ulipokatika, saa uliporudi, hali ya hewa siku hiyo, na kilichosimama au kuharibika. Kama una bili na kumbukumbu za miezi 12 iliyopita, zitoe uzipitie pia.

Baada ya wiki chache utaona kwamba una matatizo matatu tofauti. Kuna umeme unaopepesa kwa sekunde na kuzima kompyuta. Kuna unaokatika kwa saa mbili hadi nane. Na kuna ule wa siku nzima au zaidi, unaokuja mara chache lakini ndio unaofunga biashara. Kila moja ina dawa yake. Kwa kupepesa, kifaa kidogo cha betri kinachokaa kati ya soketi na kompyuta kinatosha. Kwa saa kadhaa, betri na inveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa umeme wa soketi. Kwa siku kadhaa unahitaji chanzo kinachozalisha umeme chenyewe, iwe sola, jenereta au vyote viwili.

Kisha piga hesabu ya hasara ya saa moja: mauzo yaliyopotea, bidhaa zilizoharibika, mishahara ya watu waliokaa bure, na faini ya kuchelewesha oda kama ipo. Namba hiyo ndiyo itakayokuambia ni kiasi gani cha fedha kina maana kukitumia. Asiyeijua atanunua kwa hofu.

Hatua ya 2: Pima mzigo, usiukadirie

Tembea jengo zima na orodhesha kila kifaa. Kwa kila kimoja andika wati zake na saa kinazofanya kazi. Lebo ya nyuma huonyesha kiwango cha juu, na mara nyingi matumizi halisi ni madogo kuliko hapo, kwa hiyo pata mita ndogo ya kuchomeka kwenye soketi, au mwombe fundi umeme apime kwa mita ya kubana waya.

Ipange orodha yako kwa madaraja matatu. Daraja la kwanza ni vitu visivyoweza kuzimika: jokofu la dawa, mfumo wa malipo, taa za usalama, seva. La pili ni vinavyoweza kusubiri saa chache. La tatu ni vinavyoweza kusubiri mpaka umeme urudi. Uwe mkali hapa. Kila mkuu wa idara atakuambia vifaa vyake ni daraja la kwanza, na kila utakapokubali, betri inakua.

Chukua mfano wa duka dogo la dawa. Jokofu la chanjo, linalopaswa kubaki kati ya nyuzijoto 2 na 8, linatumia wastani wa wati 80 kwa sababu kompresa yake huwaka na kuzima. Taa kumi za LED za wati 10 ni wati 100. Kompyuta, ruta na printa ya risiti ni wati 200. Jumla ni wati 380. Kwa saa 8 za kukatika inakuwa takriban kilowati-saa 3 (kilowati-saa moja ni wati 1,000 kwa saa moja). Inveta hupoteza karibu asilimia 10, kwa hiyo betri itatoa kilowati-saa 3.4. Betri ya lithiamu tusiishushe chini ya asilimia 20, tunafika 4.2. Tukiacha nafasi ya betri kuzeeka, tunaishia kwenye 5.3. Basi tunatafuta betri ya kilowati-saa 5 na kidogo. Kwa betri za asidi, ambazo hupaswi kuzishusha chini ya nusu, hesabu hiyohiyo inakupeleka zaidi ya 8.

Sasa ongeza kiyoyozi cha kilowati 1.5 kwa saa hizohizo 8. Kama kitafanya kazi mfululizo, peke yake kinahitaji kilowati-saa 12, mara nne ya mahitaji yote ya duka. Ndiyo maana kupanga madaraja kunaokoa fedha kuliko kupatana bei na muuzaji.

Kuna mtego mmoja kwenye mota. Pampu au kompresa inapoanza huvuta mkondo mara tano hadi saba ya ule inaotumia ikishatulia. Nimewahi kusimama kwenye chumba cha baridi cha biashara moja siku ya kuzindua jenereta mpya. Taa zikawaka, feni zikazunguka, watu wakapiga makofi. Kompresa kubwa ilipojaribu kuanza, taa zikafifia hadi rangi ya kaa la moto, jenereta ikakohoa, breka ikaruka. Kilowati zilizoandikwa kwenye karatasi zilikuwa zinatosha kwa mzigo uliotulia. Hakuna aliyekuwa ameuliza kuhusu sekunde ya kwanza. Tiba yake ni kifaa cha kuanzishia mota taratibu, au kuanzisha mota moja baada ya nyingine badala ya zote pamoja, na hiyo ni nafuu sana kuliko kununua jenereta kubwa zaidi.

Hatua ya 3: Punguza kwanza, na uhifadhi kazi yenyewe

Kilowati-saa usiyoihitaji haihitaji betri, paneli wala mafuta. Badilisha taa za zamani. Rekebisha raba za milango ya majokofu: weka karatasi kati ya mlango na fremu, funga, vuta. Ikitoka bila kukwama, baridi inavuja hapo usiku na mchana. Paka paa rangi nyeupe, weka kivuli kwenye madirisha ya upande wa jua, ziba mianya. Siku umeme unapokatika kwenye joto kali, jengo lenye kivuli linabaki la kufanyia kazi kwa saa kadhaa zaidi.

Wazo ambalo watu wengi hulipita, na mimi nalipenda kuliko yote, ni kwamba si lazima uhifadhi umeme. Mara nyingi unaweza kuhifadhi kazi ambayo umeme ungeifanya. Kama unahitaji maji, weka tangi juu na ulijaze umeme ukiwapo. Maji yatashuka yenyewe. Kama unahitaji baridi, gandisha. Friza iliyojaa, mlango ukiwa umefungwa, hushikilia baridi kwa takriban saa 48. Iliyojaa nusu, karibu saa 24. Chupa za maji zilizogandishwa na kupangwa kwenye nafasi tupu za friza ni hifadhi ya nishati isiyohitaji inveta. Kama unasaga, unakata au unachapa, tengeneza akiba ya bidhaa saa ambazo umeme ni wa uhakika au wa bei nafuu. Tangi, barafu na ghala hazizeeki kama betri.

Hatua ya 4: Tenganisha waya

Mwambie fundi mwenye leseni ajenge kisanduku cha pili cha saketi kwa ajili ya daraja la kwanza pekee. Bila hivyo, umeme wa dharura utamwagika jengo zima, na mtu atachomeka birika wakati betri inapigania jokofu. Rangi ya soketi isaidie: za dharura ziwe na rangi tofauti, kila mtu ajue.

Weka swichi ya kubadilishia chanzo, ya mkono au ya kujiendesha. Hili halina mjadala. Jenereta iliyounganishwa ovyo hurudisha umeme kwenye nyaya za barabarani, na fundi aliye juu ya nguzo akiamini laini imezimwa anaweza kufa.

Ukiwa hapo, weka vizuia radi na mawimbi ya umeme, pamoja na kuhakikisha waya wa ardhini umepimwa. Umeme unaporudi huja mara nyingi ukiwa juu au unayumba. Kifaa cha kuchelewesha dakika tatu hadi tano kabla ya kuwasha kompresa kinaokoa mashine nyingi.

Hatua ya 5: Chagua vyanzo, na angalia visife pamoja

Februari 2021 Texas ilipigwa na baridi kali, na nyumba na biashara zaidi ya milioni 4.5 zikakosa umeme. Visima na mitambo ya gesi ya kuzalishia umeme viliganda, na vingine vilizimwa kwa sababu navyo vilitegemea umeme uleule uliokatwa. Kila kimoja kilikuwa kinamsubiri mwenzake. Uliza swali hilo kwa kila chanzo utakachokifikiria: tukio litakaloua umeme wa gridi, yaani mtandao wa umeme wa umma, litakiua na hiki?

Betri. Kwa biashara nyingi huanzia hapa, kwa kuwa kukatika kwingi ni kwa saa na si kwa siku. Betri za lithiamu za aina ya chuma-fosfeti huvumilia kuchajiwa na kutumika mara maelfu. Za asidi ni nafuu kununua lakini hudumu muda mfupi zaidi. Adui wa zote ni joto: kwa betri za asidi, kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza umri wake kwa karibu nusu. Kwa hiyo usiziweke chini ya bati wala kwenye kabati lisilopitisha hewa. Na za lithiamu zisichajiwe zikiwa chini ya nyuzi sifuri.

Sola. Kuna jambo linalowashangaza wengi baada ya kulipa: mfumo wa kawaida uliounganishwa na gridi hujizima wakati umeme wa gridi unapokatika, hata jua likiwa utosini. Umeundwa hivyo kulinda mafundi wa laini. Ukitaka umeme wakati wa kukatika, sema hivyo kwa maandishi kabla ya kusaini: inveta mseto, inayoweza kufanya kazi na sola, betri na gridi, yenye njia ya dharura, pamoja na betri.

Kadiria ukubwa kwa mwezi mbaya kuliko yote. Tuseme daraja la kwanza linahitaji kilowati-saa 5 kwa siku. Kwa siku yenye mwanga sawa na saa 4 za jua kamili, na ufanisi wa asilimia 75, unahitaji paneli za takriban kilowati 1.7. Mwezi wa mawingu wenye saa 2.5, hesabu hiyohiyo inadai 2.7. Kumbuka pia kwamba paneli hupenda mwanga lakini hazipendi joto. Hupoteza karibu asilimia 0.3 hadi 0.5 ya nguvu kwa kila nyuzi juu ya 25, na kwenye paa la jua kali paneli inaweza kufika nyuzi 65. Acha nafasi ya kutosha chini yake ili hewa ipite. Zisafishe vumbi.

Jenereta. Kwa kukatika kwa siku nyingi bado ina nafasi yake, ila inahitaji nidhamu. Anza makadirio yako na lita 0.35 za dizeli kwa kila kilowati-saa inapobeba mzigo wa kutosha. Mzigo wa kilowati 20 kwa saa 72 utakula takriban lita 500. Je, unazo? Zitafikaje kama barabara imefunikwa na maji, na kila mwenye jenereta mjini anapiga simu ileile? Ingia mkataba wa mafuta kabla ya msimu wa mvua au vimbunga. Dizeli nayo haikai milele. Baada ya miezi 6 hadi 12 huanza kuharibika, na maji yakiingia humo huota vijidudu vinavyoziba chujio, kwa hiyo itumie na uijaze upya kwa zamu.

Usinunue jenereta kubwa mno. Ya dizeli inayofanya kazi kwa muda mrefu chini ya asilimia 30 ya uwezo wake huacha mafuta yasiyoungua kwenye mfumo wa moshi na kuzeeka haraka. Joto kali na mahali palipoinuka juu ya bahari navyo huipunguzia nguvu, mwambie muuzaji itakaa wapi. Na isiwashwe kamwe ndani au karibu na dirisha: hewa ya ukaa-moja (kaboni monoksidi), sumu iliyomo kwenye moshi wake, haina harufu na huua watu waliolala.

Mchanganyiko ninaoupendekeza kwa biashara ya kati ni betri kubeba saa za mwanzo, sola kuijaza mchana, na jenereta ndogo kuwaka saa chache ikiwa imebeba mzigo mzito, ikichaji betri na kuzima. Mafuta yaliyokuwa ya siku mbili yanafika siku nyingi zaidi, na usiku panakuwa kimya.

Hatua ya 6: Linda vifaa vyenyewe dhidi ya hali ya hewa

Chukua kalamu na uchore njia nzima: tangi, pampu ya mafuta, jenereta, swichi, kisanduku cha saketi, kifaa. Kwenye kila alama jiulize itakuwaje maji yakipanda mita moja, upepo ukivuma wa kung'oa mabati, joto likifika kiwango ambacho hakijawahi kufikiwa, au moshi ukijaza hewa. Usitegemee mafuriko makubwa ya zamani kuwa ndiyo kipimo cha juu. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi, karibu asilimia 7 kwa kila nyuzi moja, na mvua kubwa zinazidi kuwa kubwa.

Inua vifaa juu ya kimo ambacho maji yanaweza kufika, pamoja na vidogo vinavyosahaulika: soketi ya pampu, ruta, chaja ya betri ya kuwashia jenereta. Paneli zifungwe kwa kuzingatia upepo wa eneo, na paa lenyewe likaguliwe kwanza. Karibu na bahari, chagua skrubu na fremu zisizoliwa na chumvi.

Hatua ya 7: Fedha na bima

Kama huna mtaji wa kununua, kuna kukodi, na kuna mikataba ambapo mwenye mtambo anauweka kwako nawe unalipia kilowati-saa. Soma kipengele kinachosema nani anatengeneza, kwa muda gani, na kama umeme wa dharura umo.

Kwenye bima, kaa na wakala umwulize swali moja: umeme ukikatika kwa sababu ya ajali iliyotokea mbali, nje ya jengo langu, mnalipa? Bima nyingi za kusimama kwa biashara hudai uharibifu utokee kwenye mali yako mwenyewe. Kukatika kwa huduma ya nje mara nyingi ni nyongeza, na huwa na saa za kusubiri kabla malipo hayajaanza kuhesabiwa.

Hatua ya 8: Watu, mtandao na wanaokuhudumia

Minara ya simu nayo ina betri, na betri hizo huisha. Biashara yenye taa na majokofu yanayofanya kazi inaweza kushindwa kuuza kwa sababu mashine ya malipo haina mtandao. Weka njia mbili za intaneti kutoka kampuni tofauti, namba muhimu kwenye karatasi, na utaratibu wa kuandika mauzo kwa mkono.

Waulize wasambazaji wako wakuu watafanya nini umeme ukikatika siku tatu. Jibu la kusitasita ni sababu tosha ya kuongeza akiba ya bidhaa zao.

Kwenye kisanduku cha saketi bandika ukurasa mmoja: nani anawasha nini, kwa mpangilio gani, nini kizimwe kwanza betri ikifika asilimia 40, na nani anaamua kufunga na kuwarudisha watu nyumbani. Majina mawili kwa kila kazi, kwa kuwa siku ya mafuriko mmoja wao hatafika. Siku za joto kali, afya ya wafanyakazi iamue mapema kuliko joto la mashine.

Hatua ya 9: Zima swichi kuu mwenyewe

Jenereta iwashwe kila mwezi kwa dakika 30 ikiwa imebeba angalau asilimia 30 ya uwezo wake. Kuiacha ingurume bila mzigo hakukuambii chochote. Ikikataa kuwaka, angalia kwanza betri ya kuwashia: fungua kifuniko, tazama ule unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri. Betri hiyo ndogo iliyosahauliwa ndiyo chanzo cha kawaida cha jenereta kubwa kugoma.

Mara mbili kwa mwaka, kabla ya msimu wa joto na kabla ya msimu wa mvua, chagua siku ya kazi ya kawaida. Wajulishe watu, linda data, kisha zima swichi kuu na uiache hivyo kwa saa nne. Shika daftari na uzunguke. Mlango wa umeme unafunguka? Kengele ya moto inalia? Kuna kifaa cha daraja la kwanza kilichochomekwa kwenye soketi isiyo ya dharura? Betri inashuka kwa kasi uliyoihesabu, au mtu ameongeza feni tangu mara ya mwisho? Andika joto la jokofu kila nusu saa. Ukirudisha umeme, tazama mashine zinavyoanza, moja moja, na uandike iliyochelewa.

Ukurasa wa kwenye kisanduku ubadilishwe siku hiyohiyo, kabla watu hawajatawanyika, ukiwa na tarehe mpya juu.